Muuzaji kaniambia "gemu zote za Valve ni injini moja", nimepigwa mchana kweupe

Wakuu habari za jioni, mods naomba msiuhamishe huu uzi nina hasira na mtu.

Wiki iliyopita nimeingia duka moja Kariakoo, jina siliweki, wanauza kompyuta za maofisini zilizotumika. Nikamwambia jamaa nataka mashine ya kuchezea Counter-Strike 2 (CS2), ile gemu ya kupigana risasi ya kampuni ya Valve, tu basi. Akanitolea desktop nyembamba, prosesa i5 kizazi cha 4, rami GB 8, kadi ya grafiksi haina, akaiwasha palepale akaweka Half-Life 2, gemu nyingine ya Valve. Wakuu ilikuwa inateleza kama mlenda! Anaendesha ile boti kwenye mfereji, maji yanaruka, risasi zinalia, hakuna kukwama. Akanigeukia, "bosi hizi zote Valve, injini moja, ikicheza hii na hiyo yako inacheza". Injini ni ile programu ya msingi ambayo gemu inajengwa juu yake. Nikahesabu laki nne na nusu nikampa.

Home gemu inataka nafasi ya GB 85, nimeishusha kwa bando la usiku siku nne nzima macho yamekuwa mekundu. Naingia Mirage, moja ya ramani zake, mtu karusha bomu la moshi moja tu pale kati, picha ikaganda, fremu 14 kwa sekunde, feni inalia kama mashine ya kusaga, nageuza mausi leo kioo kinageuka kesho, kikija kugeuka mi nishakufa zamani.

Na kinachoniuma ni kwamba nusu ya alichosema ni kweli. Half-Life ya 1998 Valve walichukua injini ya gemu ya Quake kutoka kampuni ya id Software wakaifumua, ndo ikaitwa GoldSrc, na Counter-Strike yenyewe ilianza 1999 kama modi tu (nyongeza ya mashabiki) juu ya Half-Life. 2004 ikaja injini ya Source, humo ndo wamepita Half-Life 2, Counter-Strike: Source, Team Fortress 2, Left 4 Dead mpaka CS:GO (Counter-Strike nyingine) ya 2012, ndo maana ukizoea moja mkono unaijua na nyingine, hata kuruka kwake unakujua. Ningekuwa nimeomba mojawapo ya hizo ningenyamaza.

Ila CS2 ya 2023 ni injini nyingine, Source 2 jamani! Moshi wa sasa hivi unajaa chumba kizima, unapita mlangoni, ukiupiga risasi unatoboka tundu, hiyo hesabu yote nani anaifanya kama kadi hakuna? DirectX 9 (njia ya zamani ya Windows ya kuchora picha za gemu) wameitupa, Windows ya biti 32 nayo wameitupa. Half-Life 2 na CS2 ni baba mmoja (kampuni) mama tofauti (injini), we unampimia mtoto wa mama mdogo suruali halafu unamuuzia kaka yake.

Na kuna za mama mmoja baba tofauti, gemu ya Apex Legends ya 2019 ni ya kampuni ya Respawn, Valve hawamo, ila chini yake ni Source hiyohiyo ya zamani iliyofumuliwa. Au Medal of Honor: Allied Assault ya 2002 na Call of Duty ya kwanza ya 2003, boksi moja kampuni ya EA lingine Activision, kumbe injini zote ni ya Quake III na mafundi wengi ni walewale waliohama wakaanzisha Infinity Ward, watengenezaji wa Call of Duty (wabishi wa "Call of Duty kaiba" naomba mpite kimya, mtu hajiibii). Kwa hiyo nembo ya kwenye boksi haikwambii kitu kuhusu mashine yako.

Jana nimerudi dukani. Ananiuliza "braza kwani Half-Life haichezi?" Nikamwambia inacheza. "Sasa tatizo nini?" halafu ananyooshea kidole karatasi ukutani, MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Wateja wenzangu wakacheka.

Mwenye kujua kadi fupi inayoingia kwenye hizi desktop nyembamba bila kubadilisha pawa saplai anitajie na bei yake, na msiniambie nicheze Half-Life 2, nimeshaimaliza mara mbili kwa hasira.