Bahari ya Unguja mwezi wa saba: maji yana baridi?

Binti wa Iringa: Habari zenu wapendwa. Julai nataka kumpeleka mama Unguja. Ana miaka 68, hajawahi kuingia baharini, na magoti humuuma akipatwa na baridi. Maji yatakuwaje?

Mtoto wa Nungwi: Karibuni sana, dada. Julai ni msimu wa kusi, upepo wa kusini, maji hushuka hadi nyuzi 25 hivi. Machi na Aprili, kaskazi (upepo wa kaskazini) ikiisha, hufika 29 na zaidi. Lakini aliyezoea Iringa hataona baridi majini. Baridi ni upepo akishatoka. Beba kanga mbili kavu na chupa ya chai ya tangawizi. Paje na Jambiani, pwani ya mashariki, msiende: kusi hupiga moja kwa moja, na maji yakipwa atatembea mbali mno kwa magoti hayo. Nungwi na Kendwa, huku kaskazini, maji hayendi mbali.

Mama Ashura: Epukeni bamvua, yaani siku za mwezi mchanga na mpevu, maji yanapojaa na kupwa sana. Nendeni alasiri, jua limeshapasha maji ya ufukweni.

Binti wa Iringa: Asanteni mno. Nimemsomea. Anauliza ataruhusiwa kuingia na kanga?

Mama Ashura: Mwambie bibi zetu wote huoga na kanga. Aje.