Fundi bodi nataka niwe asesa wa bima, nianzie wapi?

fundi_mabibo
Wakuu habari za mchana. Mimi ni fundi bodi hapa Dar, cheti cha VETA ninacho na gereji ndogo naendesha na mwenzangu. Gari za bima kubwa zinaingia sana, asesa anakuja anapiga picha anaandika anaondoka, na ripoti yake ndo inaamua tutalipwa nini. Kazi ile imenikaa moyoni kweli. Cheti changu kinatosha au nirudi shule? Na gereji itakuwaje?

Mzee wa Madai
Mkuu karibu sana, mafundi tunawahitaji. Ila huwezi kujiita tu asesa, shughuli hii iko chini ya TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, kwa sheria ya bima ya 2009, lazima usajiliwe na upate leseni. Tafuta kampuni ya tathmini yenye leseni wakuchukue kama msaidizi, huku jioni unasoma bima, chuo cha IFM wanafundisha na chuo cha bima cha ACISP pia. Gari unalijua tayari, ambacho huna ni mkataba wa bima. Chukulia gari limegonga nguzo, rejeta ikatoboka, dereva akaendelea kuendesha mpaka injini ikanoki. Bampa, taa na rejeta hazina ubishi, lakini injini hapo ndo kazi inaanza maana mteja anatakiwa azuie hasara isiongezeke, sasa wewe uandike ilinoki kwa ajali au kwa kuendeshwa bila maji, na uonyeshe umejuaje.

mama_kleimu
Naongezea, kaka usidharau jicho lako la gereji. Sie tuliotokea ofisini tulichelewa kuona vitu ambavyo wewe unaviona bila kuinama: palipopasuka pana kutu, au chini ya rangi kuna puti nene, hilo ni pigo la zamani. Halafu soma PF 90, ile fomu ya polisi wa trafiki ya taarifa ya ajali, kama inasema kagongwa nyuma na mteja anadai fenda ya mbele, uliza kwa upole tu, wengine wanakuwa wamechanganyikiwa na ajali na sio waongo.

fundi_mabibo
Asanteni sana. Na gereji je?

mama_kleimu
Hapo lazima uchague. Huwezi kukadiria gari halafu ukalitengeneza mwenyewe, siku mteja akilalamika ripoti yako haina nguvu tena hata kama uliandika haki. Mwachie mwenzako, na gari zake usipangiwe kuzikagua.

Asesa254
Huku Nairobi ni vilevile, leseni ni ya IRA, mamlaka ya bima ya Kenya, na wengi wetu tumetoka gereji. Anza kuandika ripoti sasa hivi, kila gari likiingia andika kilichoharibika, kimeharibiwa na nini, kinyooshwe au kibadilishwe na bei ya spea, kisha ulinganishe na ripoti ya asesa ikifika.