Tupeane uzoefu: mlihamaje kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya?

Karani wa Mikopo, Moshi (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za majukumu. Niko kwenye SACCOS ya wafanyakazi huku Kilimanjaro. Hesabu zetu ziko kwenye programu ya zamani ambayo aliyeitengeneza hapatikani tena, na kazi nyingine tunaimalizia kwenye Excel. Mfumo mpya umeshanunuliwa, kinachotugawa ni namna ya kuhama. Mwenyekiti wa bodi anataka wa zamani uzimwe Ijumaa jioni, Jumatatu tufungue na mpya. Mhasibu anataka yote miwili itembee pamoja miezi mitatu. Mzabuni anashauri awamu: akiba na hisa kwanza, mikopo baadaye. Mimi naona tawi moja dogo litangulie, wengine watazame.

Hizi ni akiba za watu, wakiwemo walimu wanaokaribia kustaafu, na salio la mwanachama hata mmoja halipaswi kuyumba. Aliyepitia atueleze walichagua njia gani na nini kilitokea. Wauza mifumo, naombeni uzi huu muuache kwa watumiaji.

Mhasibu Moro

Mkuu, sisi tulitembeza miwili sambamba, na faida yake niliiona kwenye riba. Mkopo uleule, mkopaji yuleyule, lakini wa zamani uligawa riba ya mwaka kwa siku 360, mpya kwa 365. Chukua mkopo wa milioni 2 kwa asilimia 18: riba ya siku moja ni shilingi 1,000 upande mmoja na 986 upande wa pili. Shilingi 14 hazimshtui mtu. Zidisha kwa siku za mwezi na kwa wakopaji wote uone kama urari (ulinganisho wa jumla za pande mbili za hesabu) utakubali. Tungekuwa tumezima wa zamani, tusingekuwa na cha kulinganishia, na wanachama ndio wangetuletea habari dirishani.

Ila usiwape makarani miezi mitatu. Kila vocha inaingizwa mara mbili, na foleni ya wanachama haipungui kwa sababu yenu. Baada ya muda watu wanaanza kuzilimbikiza vocha za upande mmoja "nitaziingiza kesho". Hapo tofauti unazozikuta zinatokana na uchovu, na utapoteza usiku mzima ukiutafuta ugonjwa kwenye mfumo usioumwa. Andikeni mapema mwisho wake: mwezi mmoja ufungwe kwa mifumo yote miwili, urari ukubali, mhasibu na meneja wasaini, wa zamani ufungwe.

Mfamasia wa Wilaya

Kwetu hospitali tulienda kwa awamu: kliniki ya mama na mtoto, kisha wagonjwa wa nje, wodi mwisho. Awamu inawapa watu nafasi ya kujifunza, hilo sibishi. Hatari yake iko mpakani. Mgonjwa wa nje anaandikiwa dawa kwenye mfumo, jioni analazwa, na wodi bado inatumia faili la karatasi. Muuguzi wa zamu ya usiku haoni kwamba dozi imeshatolewa. Kwa hiyo tuliweka sharti: anayevuka kwenda wodini anasindikizwa na karatasi iliyochapwa, yenye dawa, saa na saini ya aliyetoa. Bila hiyo, wodi haimpokei mpaka wapige simu famasia.

Karani, akiba zikihamia mfumo mpya na mikopo ibaki wa zamani, mpaka wenu ni yule mwanachama ambaye akiba yake ndiyo dhamana ya mkopo wake. Nani atazuia asitoe hiyo akiba? Jibuni hilo kabla hamjakubaliana na mzabuni.

Vipuri, Mombasa

Mimi namuunga mkono mwenyekiti, lakini kwa biashara kama yangu. Bearing ikishauzwa kaunta imeondoka, huwezi kuiuza tena kwenye mfumo wa pili ili ulinganishe. Tulisubiri hesabu ya mali ya mwisho wa mwaka, tukafunga duka, tukahesabu rafu kwa rafu, na hesabu hiyohiyo ndiyo ikawa ya kufungulia mfumo mpya. Vitabu vya risiti za mkono vilikaa kaunta, tayari kwa lolote. Kompyuta ya zamani tuliiacha inafunguka kwa kusoma tu.

Kwa pesa za wanachama, ndugu yangu, singethubutu.

Mtanzania, Leeds

Nafanya kazi ya ukaguzi wa hesabu huku Uingereza, na kisa cha benki ya TSB tunakirejea mara kwa mara. Aprili 2018 walihamisha wateja zaidi ya milioni 5 kwa sehemu kubwa kwa mkupuo mmoja, wikiendi moja. Data zenyewe zilihama salama. Kilichokwama ni mfumo mpya kubeba watu: wateja wapatao milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao za mtandaoni, na wiki kadhaa zilipita mambo hayajatulia. Ripoti ya mawakili wa Slaughter and May ya 2019 ilionyesha kwamba vituo vya data vilikuwa viwili, lakini majaribio ya uwezo yalifanyika kwenye kimoja tu. Desemba 2022 mamlaka zinazosimamia mabenki huku ziliitoza TSB faini ya pauni milioni 48.65.

Swali ambalo bodi yenu inapaswa kulijibu kwa maandishi: Jumanne mchana mkikwama, mnarudije kwenye mfumo wa zamani, na nani ana mamlaka ya kusema turudi? Kama njia ya kurudi haipo, tarehe isogezwe.

Dada wa Data

Njia yoyote mtakayochagua, safisheni data kwanza. Namba za simu zilizopita Excel zimepoteza sifuri ya mwanzo. Tarehe 03/04 imegeuka Machi 4. Na huko Moshi, J. Mushi mko naye mmoja kweli? Msitambue mtu kwa jina, tumieni namba ya uanachama.

Karani wa Mikopo, Moshi

Shukrani sana wakuu. Hoja ya dhamana tumeipeleka kwa mzabuni na hana jibu, hivyo awamu ya akiba peke yake tumeiondoa mezani. Ninachopeleka kwenye bodi: tawi dogo litangulie na akiba, hisa na mikopo yake yote, litembeze mifumo miwili hadi mwezi mmoja ufungwe, kisha matawi mengine yafuate kwa utaratibu huohuo. Wa zamani ubaki wa kusoma tu, maana mkaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, atataka miaka ya nyuma. Kabla ya kuanza, kila mwanachama wa tawi hilo atapewa taarifa ya salio lake aihakiki na kusaini.

Mwenye fomu ya uhakiki wa salio waliyowahi kuitumia naomba aiweke hapa, kikao ni wiki ijayo.