Mama ametakiwa asaini fomu ahame kota. Asaini?

Wakuu, naombeni ushauri, muda ni mfupi.

Mama yangu ana miaka 71, anakaa kota ya halmashauri tangu 1986. Juzi zimeletwa fomu: wapangaji wahame, kota zivunjwe, zijengwe ghorofa za bei nafuu. Fomu ni ukurasa mmoja. Atapewa kodi ya miaka miwili, na jengo likiisha atapewa "kipaumbele". Haina bei wala tarehe, wala namba ya nyumba atakayorudi. Mwisho wa kusaini Ijumaa. Mradi siupingi, bati zinavuja na choo tunachangia kaya sita. Ninachoogopa ni mama kutoka moja kwa moja.

Mzee wa Mtaa: Asisaini hiyo. Tazama Magomeni Kota, Dar. Za zamani zilivunjwa, kiwanja kikakaa miaka mpaka ghorofa zikazinduliwa Machi 2022. Kaya 644 zilizokuwa zikikaa pale zilikuwa zimeorodheshwa, ndiyo maana ilijulikana ni zipi za kurudishwa. Anzeni orodha yenu leo: jina, namba ya nyumba, mwaka wa kuingia. Mtendaji agonge muhuri.

Fundi Msingi: Na bei je? Hapo ndipo penyewe. Ardhi ni ya umma, kwa hiyo thamani ya kiwanja isiingizwe kwenye bei, watu walipie ujenzi tu. Ikiingizwa, unafuu uko wapi? Kama kuna mwekezaji wa ubia, ulizeni ni nyumba ngapi zinabaki za bei nafuu na ngapi anauza sokoni. Ulizeni pia kama mama atakuwa mpangaji au mnunuzi. Kwa mnunuzi, sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu ya jengo inaruhusu kila nyumba iwe na hati yake.

Mwana Pwani: Poleni, jirani. Huku kwetu Mombasa, nyumba za kaunti za Buxton, kila familia ilipewa shilingi 240,000 za Kenya ikapange kwengine. Pesa ya mkupuo haikai, na ujenzi huchelewa. Daini kodi ilipwe mpaka siku ya kukabidhiwa funguo.

Mleta uzi: Ahsanteni sana. Nimempigia mama. Kumbe ana kopo la biskuti chini ya kitanda, stakabadhi zote za kodi tangu 1986 zimefungwa kwa raba. Kesho nazitoa kopi. Jioni majirani wanakutana barazani kwake, na fomu zote zinakuja hapo zikiwa hazijasainiwa.