Jeshi la mifupa la kuanzia: pauni 60, begi moja, na mdogo wangu Tanga hajui lolote

MwanaChumbageni

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijatupa hela.

Mimi mtu wa Tanga, niko Nottingham, nafanya kazi ya ghala zamu za usiku. Jumapili moja mvua haikatiki, mwenzangu tunayepanga naye nyumba akanikalisha mezani, akanimwagia vijisanamu vyake, maorki (majitu ya kijani) upande mmoja na watu wa deraya upande wa pili, tukacheza Kings of War, mchezo wa vita vya vijisanamu mezani, lile toleo la tatu la 2019. Alinipiga kama ngoma. Kesho yake nikamwamsha tucheze tena. Kilichonishika ni kwamba zamu yako ni yako kweli: unasogeza vikosi, unapiga kwa mbali, unapigana ana kwa ana, dadu zote unarusha wewe, mwenzako amekaa anakodoa macho tu. Ikifika zamu yake unaenda kutia maji ya chai.

Sasa nataka jeshi langu, na moyo umeangukia Wafu, jeshi la maiti waliofufuka. Mifupa yenye mikuki, mazombi, mchawi anayewafufua. Nimeshaandika na orodha: joka la kizombi, vampaya juu ya farasi mwenye mabawa, na kundi kubwa la mazombi 40.

Ila nina pauni 60 tu. Halafu Desemba naenda nyumbani wiki tatu na nataka nicheze na mdogo wangu. Ana miaka 15, kwenye drafti hashikiki pale mtaani, lakini vitu hivi hajawahi kuviona, na Tanga nzima sina mpinzani mwingine. Kwa hiyo jeshi liingie kwenye begi na lifike likiwa na mikono yote. Na kuna mama. Sifa ya Tanga mnaijua wenyewe. Nikitandaza mafuvu kwenye meza yake ya chakula sijui nitaanzia wapi kueleza.

Nianzie wapi?

Fundi_Mifupa

Joka liache dukani. Nakwambia hivyo kwa kuwa mimi nilianza na joka. Liko juu ya kabati mpaka leo, bawa moja halijaguswa na rangi.

Mkuu, uko Nottingham halafu unauliza uanzie wapi? Umekaa kisimani unalia kiu. Watengenezaji wa vijisanamu wamejaa: Games Workshop wako hapo, Mantic wenye Kings of War wako hapo, Warlord Games na Perry Miniatures wako hapo hapo. Mji huo kila baada ya nyumba kadhaa kuna mtu ana boksi la mifupa uvunguni aliyoinunua akiwa kijana. Nenda minada ya mitumba ya Jumapili, uliza kwenye vilabu. Sheria za mchezo huu hazijali kijisanamu kimetoka kiwanda gani, mradi kinaeleweka ni nini na kitako, kile kibao kinachosimamia, kina ukubwa sahihi.

Na hapo kwenye kitako ndipo pesa yako ilipo, kwa hiyo nisikilize vizuri. Huu mchezo hauhesabu askari mmoja mmoja. Kikosi cha mifupa 20 ni mstatili wa milimita 100 kwa 80, basi. Kikipigwa hakuna anayeondolewa mezani. Unaweka alama za madhara pembeni, na mapigano yakiisha aliyeshambulia anarusha dadu mbili, anajumlisha na madhara, wanaangalia kama kikosi kimesimama, kimeyumba au kimekimbia. Kwa kuwa hawaondolewi, hakuna sababu ya kila mmoja kuwa na kitako chake. Kata kibao kimoja cha 100 kwa 80, wagandishe wote juu yake. Na ukifanya hivyo si lazima wawe 20. Sheria inataka zaidi ya nusu, mimi huweka 12 au 13, nafasi iliyobaki najaza jiwe la kaburi, kisiki, mfupa unaochomoza mkono ardhini. Kinapendeza kuliko mstari wa watu 20 waliobanana kama daladala.

Piga hesabu. Mifupa 50 ni vikosi vinne, na masalia ya kutengenezea wachawi wawili: fuvu, kipande cha kitambaa kilicholowa gundi kiwe joho, fimbo ya kijiti. Kila kikosi cha 20 kinakufungulia nafasi ya shujaa mmoja, na mchawi ni shujaa, kwa hiyo wachawi wako wawili ni halali kabisa.

Na hilo ndilo jibu la mdogo wako. Usinunue jeshi lako halafu uanze kumtafutia lake. Nunua moja linalogawanyika. Vikosi viwili na mchawi kwako, viwili na mchawi kwake. Kingo za vibao vyako paka bluu, zake nyekundu. Akishaelewa, unganisha, una jeshi la kuanzia la kupeleka klabuni ukirudi.

Mazombi 40 usiyaguse sasa. Utapaka 11, utachoka, utauza.

DaduNairobi

Fundi ameongea ukweli kuhusu vibao, lakini hapo pa kugawanya sikubaliani naye. Mifupa dhidi ya mifupa inaboesha haraka. Kijana wa miaka 15 anataka kitu chake alichochagua mwenyewe.

Sisi hapa Nairobi tulianza watu watatu bila hata kijisanamu kimoja. Tulichukua sheria za Age of Fantasy za One Page Rules, mchezo mwingine wa aina hii, hizo ni za bure, tukachapisha askari wa karatasi, tukawabandika kwenye manila, tukawakunja wasimame. Tulicheza hivyo miezi minne. Mmoja wetu aliyekuwa ameapa atachukua jeshi la elfu, wale watu wa masikio marefu, aligundua anapenda watu-panya. Angenunua elfu siku ya kwanza angelia.

Kwa hiyo chapisha jeshi la karatasi la mdogo wako: elfu, maorki, panya, chochote. Bahasha moja tu, uzito hakuna. Mwache ajaribu mawili matatu ndipo umtumie ya plastiki.

Fundi_Mifupa

Sawa, la karatasi nimelikubali. Lakini mechi mbili za mwanzo wacheze mifupa kwa mifupa. Mtu akijifunza kwa jeshi moja, akipigwa anajua amekosea kusogeza. Akiwa na elfu atasema jeshi lake bovu.

ShangaziBrashi

Mwanangu wa Chumbageni, pole na zamu za usiku. Mimi niko Dar, napaka hivi vitu mwaka wa tisa sasa, macho ndiyo yanaanza kugoma.

Maliza kupaka rangi huko huko. Praima, ile rangi ya msingi, ya kopo la kupuliza haipandi ndege, inashika moto, watakunyang'anya. Na hata ungeipata Tanga, hewa ya pwani ina unyevu mno. Unapuliza, dakika mbili baadaye kijisanamu kina vumbi jeupe kama andazi lililomwagiwa sukari, hata kukwangua halikwanguki. Mimi napaka praima kwa brashi tu. Gundi ya plastiki nayo inashika moto, iache. Rangi za maji hazina shida. Kisu cha kukatia weka kwenye begi la kukabidhi, usije ukafika nacho kwenye ukaguzi wa mkononi.

Ukipata mifupa ya mitumba itakuwa na rangi nene ya mtu mwingine. Iloweke kwenye Dettol isiyochanganywa na maji, siku nzima, vaa glavu, usugue kwa mswaki wa zamani. Sasa sikiliza: usiisuuze kwa maji kwanza. Suuza kwa Dettol nyingine safi, ndipo sabuni, ndipo maji. Mimi mara ya kwanza nilikimbilia bomba, ile rangi ikageuka uji wa kunata, nikashinda Jumamosi nzima nabandua mbavu za watu kwa kijiti.

Mifupa ndiyo rahisi kuliko yote, usiogope. Praima ya rangi ya maziwa. Juu yake mwaga rangi ya kahawia iliyochujuka sana, majimaji kama chai ya rangi, ijae kwenye mbavu na macho ya fuvu. Ikikauka, chukua brashi kuukuu, ichovye kwenye rangi ya maziwa, ifute kwenye karatasi mpaka udhani haina kitu, halafu pitisha juu juu. Mbavu zitajitokeza zenyewe. Mkuki kahawia, chuma kijivu, umemaliza. Jioni moja kikosi kimoja.

Kuhusu mama: mwambie kabla hujafungua boksi. Asiyakute mezani.

MwanaChumbageni

Shangazi shikamoo, na asante sana. Hapo pa uji wa kunata nimecheka mpaka mwenzangu ameamka.

Nimepata mifupa 53 kwa mzee mmoja, pauni 35, mingine haina mikono. Swali: nasafirishaje? Na nikipenda, cha kuongeza baada ya hapo ni kipi, kama si joka?

Fundi_Mifupa

Wasio na mikono ndio wanaochomoza ardhini, usitupe.

Kusafirisha: gandisha sumaku ndogo nne chini ya kila kibao, tafuta boksi la bati la biskuti. Vibao vinashika, hata ukiligeuza. Mikuki iwe upande wa katikati. Boksi libebe mkononi, na usiliache ndani ya gari juani.

Cha kuongeza, usiniulize mimi. Cheza mechi kumi, jeshi lenyewe litakwambia. Ila nakudokeza litakachosema. Mifupa inaburuza miguu, haiwezi kwenda mwendo wa haraka kama vikosi vingine. Adui atakuzunguka, na akikuingia ubavuni mapigo yake ni mara mbili, mgongoni mara tatu. Dawa ya kwanza unayo tayari: mchawi. Ana uchawi wa kusukuma. Unarusha dadu zake, kila inayotoka 4 au zaidi kikosi kinasonga inchi moja mbele, na kikimgusa adui inahesabika kimeshambulia. Adui amesimama akijua hufiki, kumbe umefika, tena ubavuni mwake. Wengi humweka mchawi nyuma kama pambo. Mweke palipo na kikosi kinachotazama ubavu wa mtu.

Ukishaumudu huo, ndipo ununue kitu cha mbio, watu-mbwamwitu kwa mfano, hao hawaburuzi. Kikosi kimoja. Ukipake rangi, kicheze, ndipo cha pili. Mimi nina sheria nyumbani: boksi jipya haliingii kama la zamani bado kijivu, halijapakwa rangi. Mke wangu ndiye mwamuzi.

MwanaChumbageni

Wakuu, mrejesho kutoka Tanga.

Yamefika yote, mkuki mmoja tu umevunjika. Vibao nilikata Nottingham, lakini vya ziada fundi wa mabango wa hapa amenikatia vizuri zaidi, kingo nyoofu.

Mama nilimwambia mapema kama Shangazi alivyosema. Akachukua kimoja, akakitazama, akauliza, "Na hivi watu wazima wananunua?" Akakirudisha. Meza ametupa, kwa sharti kwamba saa ya chakula mifupa iwe imeondoka.

Mechi ya kwanza nilishinda. Ya pili dogo aliniacha nikisogeze kikosi changu cha kulia ili nikazuie mchawi wake, hakusema kitu. Zamu yake akarusha, akapata inchi sita, alihitaji tano. Akaniingia ubavuni. Nikamwambia hujafundishwa hilo, akasema ni kama drafti, unamlisha mtu kete moja ili wewe ule tatu.

Ya tatu na ya nne amenipiga pia. Sasa ameshika zile karatasi za DaduNairobi, anataka panya, na ananiuliza pauni moja ni shilingi ngapi. Fundi, kuna mtu huko Nottingham ana panya uvunguni?