FUNDI KANIAMBIA "ULINIITA NIKAGUE PAA, HUKUNIITA NIKAGUE MVUA", WAKUU NISHIKENI

Wakuu nimetoka kwake sasa hivi, naandika kwa kidole kimoja, vingine vyote vimekunja ngumi. Mnamjua huyu jamaa. Kuanzia Tegeta mpaka Mwenge hakuna asiyemjua, yule wa ngazi ambayo haijawahi kukanyagwa tangu itoke dukani, anazunguka nayo tu kwenye boda. Simtaji jina, na haina haja.

Nimenunua nyumba ya vigae, na kabla sijatoa hela nikamlipa yeye anikagulie paa. Akaja, akasimama getini kwenye mwarobaini, hindi la kuchoma mkononi, akainua shingo mara moja. "Paa chuma hili bosi, vitukuu watalikuta." Ngazi haikufunguliwa hata kamba.

Jana usiku mvua ikashuka. Wakuu ndani kulinyesha kuliko nje, mama mkwe kafungua mwavuli sebuleni na hakuufunga mpaka asubuhi, jirani ambaye bomba lake halitoi maji kaja na ndoo kukinga kwangu. Siling bodi ikavimba tumbo halafu ikajifungulia juu ya tivii.

Leo nimemfuata kwa adabu zote anakunywa chai. Ananiangalia, anachovya chapati, ananiambia, "Bro, uliniita nikague paa. Hukuniita nikague mvua."

HUKUNIITA NIKAGUE MVUA!! Na chapati mdomoni!

Nimepandisha kijana mwingine darini mchana huu, hata tochi hakuwasha, mwanga unaingia kila upande. Papi, zile mbao zinazoshika vigae, zimeliwa na mchwa, unabonyeza kwa kidole gumba kinazama. Kofia za juu saruji imebanduka, vigae vina nyufa zimefunikwa na rangi nyekundu mpya. Vyote hivyo dakika tano za ngazi. Halafu mtu anakwambia hukumwita akague mvua, sasa paa analikagulia nini, jua?

Mzee wa Kenchi: Pole mkuu ila nimecheka mpaka nimepaliwa. Anakagua akiwa getini na wewe umesimama pembeni unamtazama, ulidhani ana macho ya tai?

Bi Mkorofi: "hukuniita nikague mvua" 😂😂 naweka status sasa hivi

Kokoto Laini: Huyo huyo alishanila hela ya gata. Nilipomuuliza akasema maji ndo yamekosea njia.

Mleta mada: @Kokoto Laini ONA SASA. Mnamjua!

Mzee wa Kenchi: Tuache utani kidogo. Nyumba ya vigae ukienda kuiona simama mbali barabarani kwanza utazame mgongo wa paa. Ukibonyea katikati, kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zimechoka. Vigae vya saruji mita moja ya mraba ni kilo 40 na zaidi, bati halifiki hata 10, sasa mbao zenye mchwa zitabeba nini. Halafu rangi mpya kwenye vigae vya zamani iogope kuliko ukoga. Ukoga unasema ukweli.

Msukuma Bati: Ndo maana sisi tunaezeka bati, stori fupi.

Bi Mkorofi: Bati mvua ikinyesha humsikii hata mumeo.

Msukuma Bati: Mke wangu anasema hiyo ndo sababu alichagua bati.

Mtoto wa Ngamiani: Vigae si tatizo, tatizo vigae vyenu vya juzi. Nyumba ya babu Tanga imeezekwa vile vya udongo vya Mangalore vilivyoletwa na meli kutoka India, mpaka leo ukikigonga kwa kifundo cha kidole kinalia vizuri. Kilichopasuka sauti inakufa. Ila kapanda fundi wa dishi siku moja tu, kavunja vya kutosha, na vinavyoingiliana navyo sasa hivi kuvipata ni kazi.

Kokoto Laini: MAFUNDI WA DISHI!!! Wangu alitembea juu ya vigae na buti halafu akaomba soda.

Kibanda Umiza: Afadhali nyie mnaliona paa. Mimi nina hizi nyumba za kontemporari, paa limefichwa kwa ukuta, maji yakikosa pa kutokea yanakaa kule nyuma ya ukuta yanafuga vyura, kwa barabarani nyumba inapendeza hatari.

Bi Mkorofi: Vyura wanalipa kodi?

Kibanda Umiza: Wananizidi mimi.

Mleta mada: Jamani tusitoke kwenye mada. Kaniambia HUKUNIITA NIKAGUE MVUA.

Msukuma Bati: Sawa tumesikia. @Kibanda Umiza hiyo bomba ya kutolea maji waliweka inchi ngapi?

Kibanda Umiza: Mbili. Hapana, moja.

Mzee wa Kenchi: MOJA?? Inchi mbili ni ya sinki, ninyi mmeweka moja kwenye paa zima? Fundi nani huyo?

Kibanda Umiza: Simtaji. Mnamjua.

Dalali Mstaarabu: Mleta mada, hiyo nyumba kama umeichoka nina mteja anapenda sana vigae, nitumie picha zilizopigwa kiangazi.