Tupeane uzoefu: kodi ya matumizi kwa used zinazoagizwa nje (mlioko Marekani)

KaraniWaRitani
Wakuu, tuweke hapa yanayohusu kodi ya matumizi kwa used: kamera, saa, gita, vipuri. Kodi ya mauzo hukatwa na muuzaji. Asipoikata, jimbo linakugeukia wewe mnunuzi kwa kiwango kilekile, na hiyo ndiyo kodi ya matumizi (use tax). Kitu kuwa kimetumika hakikupi unafuu wowote. Majimbo 45 na Washington DC yanayo kodi hii. Oregon, Montana, Delaware na New Hampshire hayana, na Alaska imeziachia serikali zake za mitaa.

Kabla ya yote, fungua risiti. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani kwenye kesi ya Wayfair ya 2018, iliyoruhusu majimbo kuwadai kodi hii wauzaji wasio na duka jimboni, masoko makubwa ya mtandaoni hukata kodi ya jimbo yenyewe, hata muuzaji akiwa Japani. Ukiuona mstari wa kodi ya mauzo umemaliza, usilipe mara mbili. Gharama za uingizaji ni kitu kingine, hiyo ni forodha. Wenye deni ni walionunua moja kwa moja: duka dogo la ng'ambo, mnada, mtu aliyetumiwa hela benki.

Fundi_Lenzi
Kwenye hesabu, badili fedha kwa kiwango cha siku ya kununua. Tuseme kamera ni $640 na usafirishaji $45. New York City usafirishaji nao unatozwa: $685 × 8.875% = $60.79. California, usafirishaji ulioandikwa peke yake kwenye ankara na kubebwa na kampuni ya mizigo hautozwi: $640 × 7.25% = $46.40, kabla ya nyongeza ya eneo unaloishi. Kwa hiyo msikubali ankara ya bei moja "hadi mlangoni", maana hapo hakuna cha kutenganisha.

VAT ya Ulaya haipunguzi deni la California hata senti. Kinachotambuliwa ni kodi iliyolipwa jimbo jingine la Marekani.

Mama Sanduku
Nyongeza: kuna $800 tatu za msamaha, na watu huzichanganya kila siku.

Ya kwanza ni ya vifurushi vya hadi $800, ambavyo vilikuwa vikipita bila ushuru wa forodha. Ilisitishwa 29 Agosti 2025. Ya pili ni ya msafiri mkazi anayerudi na vitu vyake, nayo pia ni ya forodha. Ya tatu ni ya California peke yake na inahusu kodi ya matumizi: ukinunua nje na kubeba mwenyewe, $800 za kwanza ndani ya siku 30 zinasamehewa. Saa ya $1,100 iliyokuja mkononi inatozwa kwa $300 tu, yaani $21.75 kwa 7.25%. Saa hiyohiyo ikija kwa posta, unatozwa yote.

Tena, kupita forodha bure si kumalizana na jimbo. Kitu cha kale chenye zaidi ya miaka 100 kina kifungu chake kwenye jedwali la forodha na ushuru wake wa kawaida ni sifuri, lakini kodi ya matumizi iko palepale.

KaraniWaRitani
Pa kujaza ni kwenye ritani ya kodi ya mapato ya jimbo: California ni Fomu 540 mstari wa 91, New York ni IT-201 mstari wa 59 (usiuache wazi, kama hudaiwi andika 0), Pennsylvania ni PA-40 mstari wa 25. California na New York zina jedwali la makadirio kwa kipato, kwa vitu vya binafsi vya chini ya $1,000 kila kimoja. Kwa mwenye vifurushi vingi vidogo, jedwali ni nafuu ya kichwa. Kitu cha $1,000 na kuendelea hesabu yake ni ya peke yake, na bidhaa za biashara hazihusiki na jedwali kabisa. Texas haina kodi ya mapato, hivyo mtu binafsi hutumia fomu 01-156.

Mzee wa Vipuri
Mkisikia "nimenunua kwa mtu binafsi", ulizeni ni jimbo gani. California husamehe mauzo ya nadra, ila mtu anayeuza mara tatu au zaidi ndani ya miezi 12 kwa kiasi kikubwa huhesabiwa mfanyabiashara. Magari na boti hayamo kwenye msamaha huo. Kodi ya gari hudaiwa unapokwenda kulisajili.

Tangazo la muuzaji lipigeni picha ya skrini mapema, hufutwa. California hupata taarifa za forodha, na barua ikija, watataka bei mliyolipa, tarehe, na namna mzigo ulivyoingia.